Siku Kumi na Moja za Squire Overstreet

Kila tarehe thelathini Mei, siku ya kupeleka maua kwenye makaburi ya askari, Cleora Overstreet hupanda motokaa na mimi hutembea kwa miguu. Motokaa ni ya muuza majeneza. Haina paa, na hung'arishwa tangu juzi yake mpaka unaweza kujitazama meno kwenye mlango. Mbele hukaa dereva na mzee Wash Tolliver, askari wa mwisho aliyebaki kwetu wa vita vile vya kukomesha utumwa. Nyuma hukaa Bibi Tabitha, mjane wa Squire Overstreet, na ubavuni pake Cleora, mjukuu wake, amepakata fremu ya kioo yenye barua ya babu ya kuachiliwa jeshini: Kombania C, mizinga mizito, 1866. Sisi wengine tunafuata nyuma na ndoo za maua, tukila vumbi la magurudumu.

Babu huyo ni babu yangu pia. Hapo ndipo pananiuma.

Mama yangu, Arminta, alizaliwa mwaka 1862, kabla ya uhuru. Bibi yangu Melvina alikuwa mke wa kwanza wa Squire, mke wa siku za utumwa, wakati hakuna mtu wetu Kentucky nzima aliyepewa cheti cha ndoa. Nyumbani tulilijua hilo kama tunavyojua kilipo kisima. Nje ya nyumba, mtaa wetu wote wa Sulphur Lane ulisema mama ni mpwa wa Squire, mtoto wa dada yake. Mama hakubisha hata siku moja. Alisema tu, "Waache waseme," akaendelea kumenya viazi.

Mimi nilishindwa kuwaacha. Nilimwonea Cleora wivu tangu tulipokuwa tunakaa benchi moja shuleni, yeye na riboni mbili, mimi na kamba ya kiatu kichwani. Darasa la sita lilipoisha yeye alipelekwa chuo cha walimu, mimi nikapelekwa kwenye beseni la kufulia. Wivu wangu hauna kelele. Unatazama tu. Nalijua kila gauni alilovaa siku ya maua kwa miaka kumi na miwili, naijua na namna anavyonyoosha kidole kidogo anaposhika ile fremu.

Mwaka ule, 1926, miguu ya mama ilianza kuvimba. Mwezi wa nne akaniambia, "Zella, mwaka huu sidhani kama nitafika makaburini."

"Basi panda motokaa."

Akacheka. "Motokaa ni ya familia ya askari, mwanangu."

"Kwani wewe ni nani?"

Aligeuza uso dirishani kama mtoto aliyenyimwa kitu mbele ya wageni. Hapo nikaapa moyoni kwamba mwaka huu mama atapanda.

Jumapili baada ya ibada wanawake walibaki kanisani kutengeneza maua ya karatasi. Nikamfuata Cleora mezani pake.

"Dada Cleora, mama hawezi kutembea. Nyuma pana nafasi ya mtu wa tatu."

Hakuinua macho kwenye mkasi. "Pana nafasi ya watu wawili na shada la maua."

"Shada litakaa mapajani."

"Zella, mpenzi, tukianza kupandisha wapwa itabidi tukodi treni." Wanawake wakacheka. Shangazi Vinie, anayecheka kwa kila mtu, akapiga meza.

"Mama si mpwa," nikasema. "Ni binti yake."

Mikasi ilinyamaza mezani kote.

Cleora akaweka ua chini polepole. "Una karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Babu alikuwa na karatasi kwa kila kitu. Bwana Pruitt ndiye aliyemwandikia, toka vita mpaka pensheni. Niletee karatasi moja yenye jina la mama yako, nitashuka mwenyewe nikubebee ndoo yako mpaka makaburini. Nikiwa na viatu vyangu vyeupe."

"Jamani, vile vyeupe!" akasema Shangazi Vinie, wakacheka tena.

Alichosahau Cleora ni kwamba kila Alhamisi mimi hufanya usafi kwa Pruitt.

Bwana Pruitt alikuwa mtu wa kuandikia askari madai yao ya pensheni na kuyapeleka serikalini Washington. Kila alichopeleka alibaki na nakala, kaiandika kwa mkono wake. Amekufa, lakini mkewe, Missis Pruitt, hataki chumba chake kiguswe ila kwa kitambaa cha vumbi. Mafurushi yamejaa kuta tatu, yamefungwa utepe mwekundu, na nje hayana majina, yana namba tu za Washington. Kumtafuta mtu mmoja mle maana yake ni kufungua, kusoma, kufunga, na kurudisha utepe kwenye kunjo lake lile lile, furushi kwa furushi.

Nina uvumilivu, huo nimepewa. Alhamisi ya kwanza nilisoma mafurushi kumi na manane, ya pili ishirini na mawili. Nikawasoma watu niliowajua wakiwa wazee wa kukohoa mlangoni: nani alipigwa risasi ya nyonga, nani aliugua surua kambini, mke wa nani alikataliwa kwa sababu shahidi wa harusi alisahau mwezi. Kila mwanamke aliulizwa yale yale. Mliishi pamoja? Nani aliwaona? Uliwahi kuishi na mwanamume mwingine? Mume wako alikuwa na mke kabla yako? Na mke huyo yuko wapi?

"Zella," akaita Missis Pruitt kutoka sebuleni, "leo vumbi lina nini?"

"Limeshika, Missis."

"Limeshika tangu wiki iliyopita?"

"Ni vumbi la zamani, Missis."

Alhamisi ya nne, rafu ya chini nyuma ya mlango, nilifungua furushi nikaliona jina: Squire Overstreet, Kombania C. Nikakaa chini sakafuni na ndoo yangu.

Dai lake lilikuwa la mwaka 1898. Washington walimrudishia wakisema daftari la kombania lina doa: Novemba 1864 askari huyu alitoroka kambini siku kumi na moja. Mtoro hapati pensheni. Ilibidi aonyeshe kwa nini aliondoka, na alete shahidi. Mkaguzi akatumwa kutoka Washington kuja kuuliza.

Shahidi alikuwa bibi yangu Melvina. Nilisoma polepole, kidole juu ya mistari.

"Nina umri wa miaka kama hamsini na sita. Squire alipojiandikisha jeshini nilimfuata kambini na mtoto wangu, kwa kuwa bwana wetu aliapa kunipiga kwa ajili yake. Tuliishi kwenye vibanda pamoja na wake wengine wa askari. Siku moja ya baridi kali walikuja askari weupe na mikokoteni, wakatutoa na kuvichoma vibanda. Walitutupa barabarani. Mtoto alikuwa na homa. Squire aliposikia, aliondoka bila ruhusa akatutafuta. Siku ya tano alitukuta kwenye jumba la mikutano, tumelala chini. Alimfunga mtoto kifuani ndani ya koti lake la jeshi, akatembea naye hivyo mpaka tulipopata watu wa kutupokea. Siku ya kumi na moja alirudi mwenyewe kambini, wakamfunga pingu. Tangu hapo sikumwona tena mpaka vita vilipokwisha."

Na chini yake: "Swali: Una undugu gani na mdai? Jibu: Mimi ni dada yake." Halafu alama ya msalaba, alama ya Melvina.

Nilibaki nimeutazama ule msalaba. Cleora alikuwa sahihi. Karatasi zinasema mpwa, na aliyeziambia ni bibi yangu mwenyewe. Hata zile siku kumi na moja za mumewe alizigawa, zikawa za kaka.

Nikageuza ukurasa wa mwisho kwa hasira tu. Ulikuwa na maswali ambayo kila askari hujibu mwenyewe. Una mke? Tabitha, tumeoana 1870. Ulikuwa na mke kabla yake? Hapana. Una watoto walio hai? Wataje kwa majina na mwaka wa kuzaliwa.

"Arminta, 1862." Ndipo wakafuata wale watano wa Bibi Tabitha, wa nne akiwa baba yake Cleora.

Nilizitia karatasi zote mbili chini ya aproni. Niliiba, nayajua makosa yangu.

Mama alikuwa anaondoa mawe kwenye maharage. Nilimsomea ya babu kwanza.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Alianza na mimi?"

"Alianza na wewe, mama. Kisha ndio wale."

Akaifuta mikono, akaweka kidole juu ya jina lake, kwenye wino, akakiacha hapo. Hajui kusoma, lakini aliniuliza lilipoanzia na lilipoishia. Halafu nikamsomea ya bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika kwenye "dada yake" hakushtuka.

"Jumapili nampelekea Cleora," nikasema. "Atanibebea ndoo na viatu vyake vyeupe mbele ya kanisa zima."

"Utampelekea ipi?"

"Ya babu."

"Na ya mama yangu? Cleora si mjinga. Atauliza mama wa Arminta ni nani, na wazee watasema Melvina, aliyeapa kwamba ni dada yake Squire. Sasa weka hizo mbili pamoja, Zella, kama mtu wa nje. Mimi nimezaliwa na nani na nani?"

Niliziweka pamoja, nikapata kaka aliyezaa na dada yake.

"Umeona?" akasema mama. "Bora mpwa." Akarudi kwenye maharage yake, lakini aliokota lile lile jiwe moja mara tatu.

Mtu mmoja tu aliyebaki hai angeweza kusema ukweli, naye ndiye aliyekuwa akila kwa uongo ule. Jumamosi nilienda kwa Bibi Tabitha saa ambayo Cleora yuko sokoni. Nilimkuta jikoni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, anapukusa njegere.

"Mjukuu wa Melvina," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Umekuja kuniombea au kunifulia?"

"Nimekuja kukusomea, bibi."

Nikamsomea ile ya Melvina. Njegere ziliendelea kudondoka bakulini, moja moja. Nilipomaliza akaniuliza, "Unataka nini? Unataka wanikate pensheni? Nina miaka themanini. Wakate, nile hili beseni."

"Nataka mama apande motokaa."

"Hivyo tu?"

"Na watu wajue ni kwa haki."

Akacheka bila sauti. "Haki. Melvina alikaa papo hapo ulipokaa. Wakati wa vita alikuwa ameambiwa Squire amekufa, akakaa na Peyton mhunzi, na Squire alipotokea hai alimkuta akimnyonyesha mtoto wa Peyton. Nani alikosa? Hakuna. Miaka inapita, inakuja habari ya pensheni. Bwana Pruitt anatuambia: kama kuna mke wa kwanza na yu hai, basi huyu Tabitha si mke, na Squire akifa hapati kitu. Na Melvina naye hapati, kwa sababu ya Peyton. Wote wawili mikono mitupu. Melvina akasema, 'Niandikeni dada.' Hivyo tu. Kama mtu anayekupa kiti."

"Nawe ukakubali."

"Nilifurahi! Nilidhani nimeshinda." Akaacha njegere. "Halafu mkaguzi akamwambia aeleze siku kumi na moja. Akaeleza. Na Squire ameegemea mlango ule pale, anamtazama. Mwanamume hamtazami dada yake vile, mtoto. Nilimwomba Mungu yule mkaguzi asiinue kichwa kwenye kalamu yake. Miaka thelathini na moja nilimpikia, nikamzalia watano. Kwa ajili yangu hajatembea kwenye theluji hata hatua kumi na moja."

Nilikuwa nimekuja na wivu wangu mkononi kama fimbo, na huyu mama mzee alikuwa na wivu wake mkubwa zaidi, wa miaka mingi kuliko umri wangu.

Lakini sikuwa nimemaliza. Nikamsomea ile ya pili, yale majibu ya Squire mwenyewe. Nilipofika kwenye majina ya watoto aliinua mkono wenye maganda.

"Soma tena hapo."

"Arminta, 1862. Jesse, 1871. Ro—"

"Basi." Akayapangusa maganda mkononi. "Aliniapia amewataja wangu tu. Pruitt alimkataza. Mimi nilimkataza. Akasema, sawa, Tabby, nimewataja wako tu." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Mzee mwongo."

"Bibi, mama atapanda?"

"Nenda nyumbani. Karatasi ya Melvina irudishe ulipoitoa."

"Na hii nyingine?"

"Nyingine ipi? Macho yangu hayaoni." Akaanza tena kupukusa njegere.

Alhamisi nikairudisha ya bibi, nikafunga utepe kwenye kunjo lake. Ya babu sikuirudisha.

Jumapili ile ya maua ilipambazuka na jua kali. Nilimkalisha mama barazani na gauni lake jeusi ili aone msafara ukipita. Hakuniuliza chochote, wala mimi sikumwambia. Ngoma zikasikika, ikaja bendera, ikaja motokaa: mzee Tolliver na medali yake, Bibi Tabitha na kofia ya mjane, Cleora na fremu. Viatu vyeupe.

Mbele ya lango letu Bibi Tabitha akampiga dereva begani kwa fimbo yake. Motokaa ikasimama kwa ghafla hata bendera ikaendelea peke yake hatua kadhaa.

"Cleora, shuka."

"Bibi?"

"Shuka, shuka. Arminta miguu imemvimba."

"Lakini, bibi, fremu..."

"Fremu haina miguu. Iache hapa kitini."

Shemasi Rollins, anayeongoza msafara, akaja mbio akijipepea kwa kofia. "Dada Tabitha, kuna tatizo? Huyu mama anapanda kama nani?"

Nilishika nguzo ya baraza. Watu wote walikuwa wamesogea karibu, Shangazi Vinie mdomo wazi.

Bibi Tabitha alimtazama mama muda mrefu. "Anapanda kama mpwa wa marehemu," akasema. "Kuna sheria inayokataa wapwa?"

Nilishuka ngazi nikiwa nimemshika mama mkono, na nilitaka kumrudisha ndani. Mama akanibana vidole. "Twende," akasema.

Alipokwisha kukaa, Bibi Tabitha aliinama, akatoa kifurushi miguuni pake, akakifungua. Lilikuwa koti la jeshi, buluu iliyochujuka mpaka karibu kijivu, nondo wamekula kola, vifungo vya shaba vimebaki vitatu. Watu wa Sulphur Lane walilisikia tu. Halijatoka kwenye sanduku tangu Squire afe. Akalitandaza juu ya magoti ya mama, jua lile lote la mwezi wa tano, akalichomeka pande zote mbili kama unavyomfunika mtoto mwenye homa.

"Ukirudi nalo nyumbani," akasema, "usilianike juani. Linachuja."

Mama aliingiza mikono yote miwili ndani ya koti. Hakulia. Aliangalia mbele, mgongo wima, kama Cleora anavyokaaga, ila yeye hakujifunza popote.

Motokaa ikaondoka. Nilimtazama Cleora. Nimemtazama miaka kumi na miwili, nikajua kila kitu cha uso wake, lakini uso huu sikuwahi kuuona. Lile koti alilitaka yeye. Alikuwa ameahidiwa, nafikiri, au alijiahidi mwenyewe. Midomo ilimkauka, macho yamefuata kile kitambaa cha buluu, na nikautambua uso ule, kwa sababu ni wangu. Ningepaswa kumhurumia. Nilifurahi.

Tukatembea. Vumbi likaanza kupanda kwenye viatu vyeupe. Mbele ya kanisa nikamnyooshea ndoo yangu ya maua, naye akaipokea bila kufikiri, kisha akakumbuka, akaniangalia kwa hasira. Lakini hakuirudisha.

"Umemwambia nini bibi yangu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nilimsaidia njegere."

"Zella. Mpwa hapewi koti lile. Watoto wake wa kuzaa hawakupewa. Kwa nini amempa?"

Karatasi ilikuwa kifuani pangu, ndani ya gauni, imekunjwa mara nne, na kila nikivuta pumzi niliisikia ikikwaruza. Ningeweza kumsomea palepale barabarani jina la kwanza ni la nani, na la baba yake ni la ngapi.

"Sijui, Dada Cleora," nikasema. "Labda kwa sababu ya baridi."

Akanitazama, akatazama jua, akahamisha ndoo mkono wa pili. Nikaendelea kutembea ubavuni pake bila haraka. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu ambacho yeye hana, na nilitaka nikae nacho kidogo peke yangu.